Kifafa Bila Daftari: Funzo la Vifaa vya Ubongoni Wakati wa UVIKO-19

(Maelezo kamili ya mada ya elimu ya afya iliyowasilishwa kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, viongozi wa kata na vijiji, na familia zinazolea watu wenye kifafa.)



Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka asiyeandika anachouza hushtuka mwisho wa mwezi akikuta rafu tupu na mfuko mtupu, asijue hasara iliingilia wapi. Msemo huo ulitungwa kwa ajili ya biashara, lakini ni vigumu kupata maradhi yanayoustahili kuliko kifafa. Mgonjwa wa malaria hufika zahanati akiwa na homa yake mwilini; tabibu humgusa, humpima damu na kupata jibu. Mwenye kifafa hufika akiwa anatembea na kuzungumza kama watu wengine. Mshtuko ulimjia juzi usiku, ukamwangusha, ukaondoka. Mbele ya tabibu yamebaki maelezo tu, na mara nyingi anayeyatoa ni yule yule ambaye fahamu zilikuwa zimempotea wakati jambo lenyewe likitokea.

Mada hii inarudi mwaka 2020, pale janga la UVIKO-19 lilipofunga milango ya kliniki katika nchi nyingi. Inaeleza jinsi kundi dogo la wagonjwa wa kifafa nchini Marekani, waliokuwa wamepandikizwa kifaa cha umeme ndani ya fuvu, walivyoendelea kufuatiliwa na madaktari wao pasipo kutoka nyumbani. Kifaa hicho si huduma ya zahanati wala ya kituo cha afya, na mada haikusudii kumtamanisha mtu kitu kilicho mbali na mkono wake. Inakusudia kuonyesha kifaa hicho kilifanya kazi gani, kazi ipi kilishindwa, na ni sehemu gani ya kazi hiyo inayoweza kufanywa na familia yenye daftari, kalamu na simu ya mkononi.

HESABU INAYOPOTEA

Kwa miaka mingi madaktari wa kifafa duniani wamewategemea wagonjwa wenyewe kuhesabu mishtuko yao. Dawa huongezwa, hupunguzwa au hubadilishwa kwa kufuata hesabu hiyo. Je, hesabu hiyo ni ya kweli kwa kiasi gani?

Mwaka 2007 watafiti wa Bonn, Ujerumani, walichapisha jibu lililowashangaza wengi. Waliwafuatilia wagonjwa 91 waliokuwa wamelazwa wodini, wakirekodiwa usiku na mchana kwa kamera na kwa kipimo cha umeme wa ubongo. Kila mgonjwa aliombwa aandike mshtuko wowote unaompata. Mitambo ilirekodi mishtuko 582. Wagonjwa hawakuandika asilimia 55.5 ya mishtuko hiyo, yaani zaidi ya nusu. Kwa mishtuko iliyotokea usingizini hali ilikuwa mbaya zaidi, kwani asilimia 85.8 haikuandikwa. Baadhi ya wagonjwa walikuwa wakikumbushwa kila siku kuandika, lakini kukumbushwa hakukusaidia.

Wagonjwa hao hawakuwa wavivu wala waongo. Mshtuko wa kifafa huzima au huvuruga sehemu ile ile ya ubongo inayotunza kumbukumbu, na mtu hawezi kuandika kitu ambacho ubongo wake haukukihifadhi. Huamka akiwa na uchovu, ulimi umeumia au shuka limelowa, akadhani amelala vibaya. Kwa hiyo mgonjwa anapomwambia tabibu kwamba mwezi mzima hakuanguka, anaweza kuwa anasema kweli yote anayoijua, na bado kweli hiyo ikawa nusu.

KIFAA CHENYEWE

Mwezi Novemba 2013 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha mfumo unaoitwa RNS, unaotengenezwa na kampuni ya NeuroPace. Uliidhinishwa kwa watu wazima wa kuanzia miaka 18 ambao kifafa chao huanzia katika sehemu moja au mbili za ubongo zinazojulikana, na ambao wamekwisha kutumia dawa mbili au zaidi bila kupata nafuu ya kutosha.

Daktari wa upasuaji hukata kipande kidogo cha mfupa wa fuvu na kuweka kifaa mahali pake, kisha ngozi hufunikwa juu yake. Kutoka kwenye kifaa hicho nyaya nyembamba zenye elektrodi hupelekwa mpaka pale mishtuko inapoanzia. Kifaa husikiliza umeme wa ubongo saa zote. Kinapotambua mwenendo ambao daktari amekifundisha kuutambua, hutoa mapigo madogo ya umeme kujaribu kuuzima kabla haujasambaa. Mgonjwa kwa kawaida hahisi mapigo hayo. Kwa wengi kifaa hutambua na kujibu mamia ya matukio kwa siku, na umeme wote unaotolewa, ukijumlishwa, ni wa dakika chache tu.

Katika jaribio kubwa lililotangulia idhini hiyo walishiriki wagonjwa 191. Katika kipindi ambacho wagonjwa hawakujua ni nani anayepewa mapigo na ni nani asiyepewa, mishtuko ilipungua kwa asilimia 37.9 kwa waliopewa na kwa asilimia 17.3 kwa wasiopewa. Faida iliongezeka kadiri miaka ilivyopita. Matokeo ya ufuatiliaji wa miaka 9, yaliyochapishwa mwaka 2020, yalionyesha punguzo la kati la asilimia 75. Hata hivyo wagonjwa hawa waliendelea kumeza dawa zao. Kifaa kilikuja kuzisaidia dawa, hakikuja kuziondoa.

Kazi ya pili ya kifaa, ambayo ndiyo kiini cha mada hii, ni kuandika. Kila kinachotambuliwa huhesabiwa, na baadhi ya matukio, hasa yale marefu, huhifadhiwa kama mchoro wa umeme wa ubongo. Mgonjwa anaweza pia kupitisha sumaku juu ya kichwa pale anapohisi jambo, na kifaa huweka alama kwa ajili ya daktari. Kwa kuwa nafasi ya kumbukumbu ndani ya kifaa ni ndogo, mgonjwa hupewa kompyuta mpakato na kidude cha mkononi. Hukishikilia kidude hicho juu ya kichwa mahali kifaa kilipo, kumbukumbu huhamia kwenye kompyuta, kisha hutumwa kwa intaneti hadi mahali ambapo daktari anaweza kuzisoma. Hushauriwa kufanya hivyo mara kwa mara, kwa sababu zinazochelewa kuhamishwa huweza kufutwa na mpya.

MACHI 2020

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba UVIKO-19 ni janga la dunia. Katika siku chache zilizofuata hospitali nyingi za Marekani ziliahirisha upasuaji usio wa dharura na kliniki za kawaida. Vitanda vilivyotumika kuwarekodi wagonjwa wa kifafa vilifungwa kwa muda katika hospitali nyingi, kwa kuwa wauguzi na vyumba vilihitajika kwingine. Serikali ya nchi hiyo ilipanua malipo ya bima ya wazee na watu wenye ulemavu ili daktari aweze kulipwa hata anapomhudumia mgonjwa kwa simu au kwa video.

Kwa magonjwa mengi simu ilitosha kwa muda. Kwa kifafa, simu ilirudisha tatizo la Bonn: daktari alimsikia mgonjwa akisema alichokumbuka, na mama au mume aliyekuwa akimsindikiza kliniki na kuongeza neno pembeni sasa hayupo kwenye mazungumzo. Ni hapo ndipo kumbukumbu za kifaa zilipopata uzito mpya.

Mfano wa kubuni utasaidia kueleza. Mwanamke wa miaka 34 anaishi peke yake katika mji mmoja wa Marekani. Ana kifaa hicho kwa miaka mitatu. Mahali anapofanyia kazi pamefungwa. Hana sababu ya kuamka mapema, kwa hiyo hulala usiku wa manane na kuamka karibu na adhuhuri. Mwishoni mwa Aprili daktari anampigia kwa video na kumuuliza hali. Anajibu kwamba hajambo, hajaanguka hata mara moja. Daktari anafungua kumbukumbu na kuona kwamba katika wiki tatu zilizopita matukio marefu yameongezeka, na karibu yote yametokea kati ya saa tisa usiku na saa kumi na moja alfajiri. Hamkemei. Anamuuliza, Unalala saa ngapi? Kidonge cha asubuhi unakimeza saa ngapi? Mwanamke anakwenda kuchukua kisanduku cha dawa na kukuta vidonge vya asubuhi vya siku tano bado vimo. Alikuwa akiamka mchana na kudhani asubuhi imekwisha kupita. Dawa zinarudishwa kwenye saa yake, usingizi unapangwa upya, na wiki zinazofuata daktari anatazama kumbukumbu kuona kama matukio yanashuka.

Katika mfano huo kifaa hakikumtibu mwanamke yule kwa njia yoyote mpya. Kilimpa daktari swali la kuuliza. Bila hesabu hiyo, mazungumzo yangeisha kwa neno hajambo.

MAMBO AMBAYO KIFAA HAKIKUYAWEZA

Ni haki kueleza upande wa pili, kwa kuwa vifaa vya kisasa husifiwa haraka na mipaka yake husahauliwa.

Kwanza, mwaka 2020 daktari aliweza kusoma kumbukumbu za mfumo huo akiwa mbali, lakini hakuweza kubadili mpangilio wa kifaa akiwa mbali. Kuongeza au kupunguza mapigo kulihitaji mgonjwa afike kliniki. Aliyekuwa amepandikizwa kifaa wiki chache kabla ya janga, na ambaye bado alihitaji kurekebishiwa, alikwama.

Pili, kila kinachotambuliwa na kifaa si mshtuko. Ubongo wenye kifafa hutoa cheche nyingi zinazozimika zenyewe, na mwenye nazo asijue. Mtaalamu aliyefunzwa anapaswa kusoma mchoro na kutofautisha cheche na moto.

Tatu, kifaa hakipigi kengele. Mgonjwa akianguka bafuni saa nane usiku, kifaa kitaandika, lakini hakitamwita jirani. Jambo hili si dogo. Miongoni mwa kila watu wazima 1,000 wenye kifafa, takribani mmoja kwa mwaka hufa kifo cha ghafla kisicho na sababu nyingine inayoonekana. Hatari huwa kubwa kwa wale ambao mishtuko yao ya mwili mzima haijadhibitiwa, hasa usiku, na hasa kwa anayelala bila mtu wa kumsikia. Amri za kukaa ndani ziliwalinda watu na virusi, lakini pia ziliwaacha baadhi ya wenye kifafa peke yao.

Nne, kifaa kinahitaji intaneti, kompyuta, upasuaji wa kukiweka na upasuaji mwingine wa kukibadilisha betri inapoisha, na gharama yake ni makumi ya maelfu ya dola. Ndani ya Marekani kwenyewe wenye nacho ni wachache mno wakilinganishwa na wagonjwa wote wa kifafa.

MZUNGUKO USIOONEKANA

Kumbukumbu za vifaa hivi zilikuwa zimefundisha jambo jingine hata kabla ya janga, na jambo hilo linamhusu kila mlezi. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Maxime Baud walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 37 waliokuwa na kifaa hicho, baadhi yao kwa miaka hadi 10. Waligundua kwamba cheche za ubongo hupanda na kushuka kwa mizunguko ya siku nyingi. Kwa wengi mzunguko ulikuwa wa siku 20 hadi 30, kwa wanaume na kwa wanawake, na mishtuko ilielekea kutokea wakati cheche zinapopanda.

Maana yake ni nini kwa mtu wa kawaida? Mgonjwa anaweza kukaa wiki mbili salama, kisha akaanguka mara tatu kwa wiki moja. Familia hutafuta sababu iliyo karibu: chakula alichokula, mgeni aliyekuja, maneno ya jirani. Wakati wa janga sababu iliyokuwa karibu ni UVIKO-19, na wengi waliona kila mshtuko ni matokeo yake. Kwa aliyekuwa na kumbukumbu za miaka iliyotangulia, daktari aliweza kulinganisha Aprili ya 2020 na Aprili nyingine, mzunguko na mzunguko, na kuona kama kweli kuna kilichoongezeka. Uchunguzi uliofanywa wakati ule katika nchi mbalimbali ulitoa picha iliyochanganyika: wengi hawakubadilika, na wapo waliozidiwa. Waliozidiwa mara nyingi walikuwa na sababu zinazojulikana, kama kukosa usingizi, wasiwasi, dawa kukosekana au kuugua homa.

Funzo ni kwamba hesabu ya wiki moja haitoshi. Hesabu yenye thamani ni ile iliyoanza kabla ya shida.

WILAYANI NA VIJIJINI

Hapa nchini mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Shule zilifungwa mara moja na wanafunzi wengi hawakurudi darasani hadi mwishoni mwa Juni. Mtoto mwenye kifafa ambaye mwalimu wake alizoea kumwona akipotewa na fahamu darasani alirudi nyumbani, kwenye shamba, jiko na kisima. Jicho moja lililokuwa likimtazama liliondoka, na nyumbani huenda hakuna aliyekuwa akiandika.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wanaishi na kifafa, na karibu asilimia 80 yao wako katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Shirika hilo linasema hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila mishtuko kama wangetambuliwa mapema na kutibiwa ipasavyo, na kwamba dawa za gharama nafuu zaidi zinaweza kugharimu dola 5 tu za Marekani kwa mwaka. Kwa walio wengi, basi, njia ya kupona haipiti kwenye fuvu. Inapita kwenye kidonge kinachomezwa kila siku bila kukatizwa, na kwenye hesabu inayomwezesha tabibu kujua kama kidonge hicho kinafanya kazi.

Jambo hili si geni katika ardhi ya Tanzania. Kuanzia mwaka 1960 Dkt. Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwe, aliwahudumia watu wenye kifafa huko Mahenge katika kliniki aliyoianzisha, wakati ambapo wengi wao walitengwa na jamaa zao na kuachwa waungue kwenye moto kwa sababu watu waliogopa kuwagusa. Kazi ile ilionyesha kwamba kifafa kinaweza kutibiwa kijijini, kwa dawa za kawaida, mradi mgonjwa anajulikana na anafuatiliwa.

DAFTARI LA NYUMBANI

Kutokana na yote yaliyoelezwa, familia inaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi ya kuandika iliyofanywa na kifaa. Daftari la shule la kurasa arobaini linatosha. Sharti moja ni kwamba daftari lisishikwe na mgonjwa peke yake. Uchunguzi wa Bonn umeonyesha kwa nini. Lishikwe na mtu anayelala karibu naye au anayeshinda naye, na mwenye kifafa aruhusiwe kuongeza anachokumbuka. Kila mshtuko uandikwe mambo yafuatayo:

1. Tarehe, na saa kwa kukadiria.

2. Muda uliochukua. Atazamwe kwa saa au simu, kwa sababu dakika moja ya hofu huonekana kama kumi.

3. Kama alikuwa macho au usingizini. Asubuhi zenye ulimi ulioumwa, shuka lililolowa au uchovu usio wa kawaida nazo ziandikwe, hata kama hakuna aliyeona kitu.

4. Jinsi ulivyoanza: upande gani wa mwili ulitangulia, kama macho yaligeuka, kama alipotewa na fahamu bila kuanguka.

5. Kama kuna dozi iliyorukwa katika siku tatu zilizotangulia, na sababu yake.

6. Kama kulikuwa na homa, kukosa usingizi, pombe, au hedhi kwa mwanamke.

7. Majeraha yoyote.

Siku zisizo na mshtuko nazo ziwekewe alama. Mstari mtupu hauelezi kama siku ilikuwa salama au mwandishi alisahau.

Mwenye simu yenye kamera anaweza kurekodi mshtuko mfupi kwa ajili ya tabibu peke yake, baada ya mgonjwa kuwekwa salama na kwa ridhaa yake aliyoitoa akiwa mzima. Picha hiyo humsaidia tabibu kutofautisha kifafa na kuzimia au hali nyingine. Kuisambaza kwenye makundi ya simu ni kumvunjia mtu heshima, na huwafanya wengine wafiche ugonjwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini jamii inayocheka ndiyo inayomfundisha mtu kuficha.

KWA WATOA HUDUMA NA VIONGOZI

Waganga Wafawidhi wanaombwa kumuuliza kila mwenye kifafa daftari lake kabla ya kumuuliza hali yake, na kuandika namba ya simu ya mlezi pamoja na ya jirani mmoja. Likitokea janga jingine, mafuriko, au barabara kukatika wakati wa masika, namba hizo ndizo zitakazokuwa kliniki. Pale akiba inaporuhusu na mgonjwa ametulia, ni busara kumpa dawa za kutosha zaidi ya mwezi mmoja kabla ya msimu ambao njia hazipitiki.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaombwa, katika ziara zao za kaya, kulitazama daftari na kuhesabu vidonge vilivyobaki. Mgonjwa asiache dawa ghafla kwa sababu yoyote, hata akiwa na mwaka mzima bila kuanguka. Kuacha ghafla huweza kuleta mishtuko mfululizo inayoua.

Viongozi wa vijiji wanaombwa kurudia kwenye mikutano maneno haya machache. Kifafa hakiambukizi, wala mate ya mgonjwa hayaambukizi kifafa. Anayeanguka aondolewe karibu na moto, maji na vitu vikali, alazwe kwa ubavu, asitiwe kijiko, kitambaa wala kitu chochote mdomoni, asikandamizwe. Mtu abaki naye mpaka fahamu zirudi. Mshtuko ukizidi dakika 5, au wa pili ukija kabla hajazinduka, apelekwe kituo cha afya bila kusubiri.

KUHITIMISHA

Katika janga la 2020 kifaa kilichofichwa ndani ya fuvu kilimwezesha daktari kujua yaliyompata mtu aliyekuwa mbali naye. Lakini hata pale, palihitajika mgonjwa wa kukishika kidude juu ya kichwa chake kila siku, daktari wa kusoma na kuuliza swali sahihi, na dawa ndani ya nyumba. Vitu hivyo vitatu, yaani uangalifu wa kila siku, swali sahihi na dawa isiyokatika, havihitaji upasuaji.

Kuna mtoto katika kijiji fulani wilayani atakayepatwa na mshtuko usiku wa leo akiwa usingizini. Kesho ataamka na kusema amelala vizuri, na atakuwa anasema kweli anayoijua. Kama mama yake atakuwa amesikia kitanda kikitikisika, akawasha taa, akatazama saa na kuandika mstari mmoja, tabibu atakuwa na kitu cha kufanyia kazi. Asipoandika, mshtuko huo utapotea bila habari, na dawa isiyotosha itaendelea kutolewa kana kwamba inatosha.